Programu imefunguka, kazi imegoma: Fundi anajibu maswali yenu

Kwa wanaosoma safu hii kwa mara ya kwanza: kazi yangu ni kutunza kompyuta za watafiti wanaochakata data. Wengi hunijia wakiwa wameshachagua mashine, wanachotaka ni saini yangu tu. Saini huwa siitoi mpaka niulize kazi inakwama wapi: kwenye RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta), kwenye diski au kwenye prosesa? Ajabu ni kwamba mara nyingi mwenye kazi mwenyewe hajawahi kuangalia. Barua za safari hii karibu zote zinaangukia hapo.

Shikamoo Fundi. Mimi ni mwanafunzi wa uzamili, nachambua joto la hewa kwa data za ERA5, rekodi za hali ya hewa ya dunia nzima saa kwa saa. Laptopu yangu ina RAM ya gigabaiti 8, na ukurasa wa programu unasema kima cha chini ni hicho hicho. Faili langu la mwaka mmoja lina kama gigabaiti 18, na cha kushangaza linafunguka papo hapo. Nikiomba wastani wa mwaka tu, mashine inaganda, hata kishale hakisogei, mwishowe naizima kwa kitufe. Ninunue yenye prosesa kali zaidi?
*Mwanafunzi wa tabianchi*

Marahaba. Prosesa yako iache, haina kosa.

Tuanze na hicho "kima cha chini". Watengenezaji wanapoandika gigabaiti 8, wanamaanisha programu itasakinishwa, itafunguka na itaendesha mfano mdogo waliouambatanisha. Aliyeandika namba hiyo hajaliona faili lako na hana namna ya kuliona. Hesabu ya kazi yako inabidi uifanye mwenyewe, na si ngumu.

Data za ERA5, zinazotolewa na ECMWF, kituo cha Ulaya cha utabiri wa hali ya hewa, zimepangwa kwenye gridi ya robo digrii: mistari 721 ya latitudo kwa 1,440 ya longitudo. Hizo ni nukta 1,038,240 kwa kila saa. Mwaka wa siku 365 una saa 8,760. Zidisha, unapata thamani kama bilioni 9.1. Ndani ya faili lako kila thamani imebanwa kwenye baiti 2, ndiyo maana unaona gigabaiti 18. Lakini programu haifanyi hesabu kwa namba zilizobanwa. Ikizisoma inazifungua kuwa namba za desimali za baiti 4 kila moja, na sasa ni gigabaiti 36. Programu nyingine hutumia baiti 8, hapo ni gigabaiti 73. Ukiiambia kisha ipunguze wastani kutoka kila thamani ili upate tofauti, inatengeneza jedwali la pili lenye ukubwa uleule, na la kwanza bado lipo. Yote hayo unataka yaingie kwenye gigabaiti 8, ambazo mfumo endeshi na kivinjari chako vimeshamega sehemu yake.

Na kule kufunguka papo hapo? Programu kama xarray, ya lugha ya Python, ikifungua faili inasoma lebo tu: majina ya vigezo, vipimo, tarehe. Namba zenyewe haijazigusa. Inazigusa pale unapoomba wastani, na hapo ndipo maji yanapozidi unga. RAM ikijaa, mfumo unaanza kutumia diski kana kwamba ni RAM. RAM hujibu ndani ya muda wa kama sehemu moja ya milioni kumi ya sekunde, diski ya kuzunguka huchukua kama sehemu ya mia ya sekunde. Tofauti ni mara laki moja. SSD, diski isiyozunguka, inapunguza pengo hilo sana lakini hailizibi. Kwa hiyo ule mgando unaouona si prosesa kuzidiwa, ni prosesa kukaa bure ikisubiri. Fungua Task Manager kabla mashine haijaganda kabisa utaliona hilo: RAM imejaa pomoni, diski imefika asilimia 100, prosesa inapumua kwenye tarakimu moja.

Sasa tiba. Wastani hauhitaji data zote ziwepo kwa wakati mmoja. Unahitaji jumla inayoongezeka na idadi ya saa zilizopita, basi. Jedwali la saa moja, hata kwa baiti 8, halifiki megabaiti 9. Programu ya CDO kwa amri yake ya timmean hufanya hivyo hasa, inasoma saa moja, inajumlisha, inaitupa, inasoma inayofuata. Kwenye xarray weka kigezo cha chunks ili isome vipande vipande. Haba na haba, na laptopu yako ya gigabaiti 8 itamaliza kazi.

Angalia lakini: ukihitaji thamani ya katikati (median) au asilimia ya tisini, ujanja wa kujumlisha haufanyi kazi, kwa sababu thamani zote za nukta moja lazima zipangwe pamoja. Hapo unagawa kwa eneo badala ya muda. Na kama utafiti wako unahusu eneo dogo, kwa nini unabeba dunia nzima? Kata kwanza, hesabu baadaye. Kipande cha digrii 10 kwa 10 ni nukta 41 kwa 41, na mwaka mzima wake kwa baiti 8 ni megabaiti 118 tu. Nimeona watu wakiomba mashine mpya kwa kazi ambayo, ikikatwa hivyo, ingeingia hata kwenye simu.

Ukiamua kununua hata hivyo, weka uzito kwenye RAM: gigabaiti 32 zitakupa nafasi ya kupumua. Kabla hujalipa, hakikisha RAM ya laptopu hiyo inaweza kuongezwa. Nyingi za siku hizi zimechomelewa kwenye bodi, utakachonunua ndicho utakachozeeka nacho.

Fundi, nami natumia ERA5, faili kama hilo la gigabaiti 18, lipo kwenye diski ya nje ya kuzunguka. Natoa mfululizo wa saa kwa saa wa vituo 100, kimoja baada ya kingine. Inachukua zaidi ya saa mbili na RAM haijai kabisa. Prosesa iko asilimia 3. Tatizo nini?
*Mpima mvua*

Wewe angalau umeangalia, Mungu akuzidishie. Tatizo ni mpangilio wa data ndani ya faili. Limepangwa kwa muda: dunia nzima ya saa ya kwanza, kisha dunia nzima ya saa ya pili, hivyo hivyo hadi mwisho. Kituo chako kimoja kina thamani moja tu katika kila saa, kwa hiyo kichwa cha diski kinaruka mara 8,760 kuziokota. Ukikadiria milisekunde 10 kwa kila mruko, ni sekunde 88 kwa kituo. Vituo 100 ni sekunde 8,760, yaani saa mbili na dakika 26. Naona tunakubaliana na saa yako ya ukutani.

Badili mzunguko (loop) wa msimbo wako, yaani maagizo ya programu uliyoandika. Soma faili mara moja tu kutoka mwanzo hadi mwisho, na katika kila saa okota vituo vyote 100 kwa pamoja. Diski ya kuzunguka inayosoma kwa mfululizo hutoa kama megabaiti 150 kwa sekunde, kwa hiyo gigabaiti 18 zinapita ndani ya dakika mbili. Diski ni ileile, waya ni uleule. SSD nayo ingekusaidia, maana haina kichwa cha kurusha, lakini rekebisha msimbo kwanza.

Habari za kazi, Fundi. Tumebadili kompyuta kutoka viini 4 vya prosesa (cores) kwenda viini 16. Nilitegemea kazi iende mara nne zaidi, imeenda kama mara mbili tu. Muuzaji ametupunja?
*Mama Takwimu*

Nzuri, mama. Muuzaji huenda hana hatia, ingawa nitarudi kwake.

Mwaka 1967 Gene Amdahl, mhandisi wa IBM, alieleza jambo ambalo leo linaitwa sheria ya Amdahl: sehemu ya kazi isiyogawanyika ndiyo inayoweka ukomo. Chukua kazi ya saa 10 kwa kiini kimoja, ambayo saa moja yake haigawanyiki. Kwa viini 4 ile saa moja inabaki, na zile tisa zinakuwa saa mbili na robo. Jumla saa 3 na robo. Kwa viini 16 ile saa moja bado ipo palepale, zile tisa zinakuwa dakika 34, jumla saa 1 na dakika 34. Kutoka 3 na robo hadi hapo ni mara mbili na kidogo, ndicho unachokiona. Leta viini elfu, chini ya saa moja hushuki.

Sehemu hiyo isiyogawanyika mara nyingi imejificha mahali pa kawaida kabisa: kufungua faili lililobanwa kwa gzip, ambalo hufunguliwa na kiini kimoja, au kuandika matokeo yote kwenye faili moja mwishoni. Kama unatumia Linux, washa htop, inayoonyesha kila kiini kwa mstari wake, kazi ikiendelea. Ukiona mstari mmoja umejaa na kumi na tano imelala, umemkamata mchawi. Mafaili yaliyogawanywa vipande 16 kabla ya kubanwa yanaweza kukupa kasi kuliko viini vipya.

Angalia pia RAM. Ukigawa kazi kwa michakato 16 katika R au Python, mara nyingi kila mchakato hubeba nakala yake ya data. Kitu cha gigabaiti 3 kinaishia gigabaiti 48, na hapo unarudi kwenye mgando wa mwanafunzi wetu wa kwanza. Wakati mwingine michakato 8 humaliza kabla ya 16, usione haya kuipunguza.

Na sasa muuzaji. Soma vizuri karatasi: ni viini 16, au ni viini 8 vyenye nyuzi 16? Uzi wa pili wa kiini unatumia vifaa vilevile vya kukokotoa, na kwa hesabu nzito za namba faida yake ni ndogo, pengine hakuna. Wengi huandika namba kubwa juu na kuacha ndogo ijitafutie nafasi.

Mimi ni mwalimu wa biolojia. Maabara yetu ina kompyuta tano za mezani, kila moja RAM ya gigabaiti 16. Tunaendesha programu ya STAR kulinganisha data za RNA na jenomu ya binadamu. Inaanza vizuri, kisha inakufa na neno moja tu: Killed. Tumesakinisha upya, hali ni ileile. Tunaweza kuziunganisha hizo tano zitoe gigabaiti 80?
*Mwalimu wa maabara*

Mwalimu, programu haijaharibika, msiisakinishe tena. Neno hilo si la STAR, ni la Linux yenyewe: RAM ikikauka, kiini cha mfumo huchagua mchakato unaokula sana na kuuua ili mashine iokoke. Endesha amri ya dmesg utaona jina la STAR likitajwa pale.

STAR ina kasi kwa sababu inapakia faharasa yote ya jenomu kwenye RAM na kuikalia. Mwongozo wake unasema wazi: tenga angalau baiti 10 kwa kila besi (herufi ya DNA) ya jenomu. Binadamu ana besi kama bilioni 3, kwa hiyo gigabaiti 30. Hamira ina besi milioni 12, nayo inaridhika na megabaiti 120, kompyuta yenu yoyote ingeicheka. Ngano, yenye besi kama bilioni 16, ingedai gigabaiti 160. Programu ni ileile moja. Ndiyo maana mtu akiniuliza "STAR inahitaji RAM kiasi gani?" namuuliza kwanza anachunguza kiumbe gani.

Kuunganisha hizo tano, hapana. Zinaweza kugawana sampuli, lakini STAR haiwezi kutandaza faharasa moja juu ya RAM za mashine tofauti. Mna njia tatu. Mnaweza kujenga faharasa upya kwa kigezo cha genomeSAsparseD mkikiweka 2 au zaidi: RAM inapungua, kasi inapungua pia, na kwa gigabaiti 16 bado mtabanana. Mnaweza kuhamia HISAT, programu nyingine ya kazi hiyo hiyo, iliyotangazwa mwaka 2015 kwa sifa hiyo hasa, kwamba kwa jenomu ya binadamu inatosheka na gigabaiti 4.3, mrithi wake HISAT2 ndiyo inayotumika sasa, nayo itaenda kwenye kila moja ya mashine zenu. Au muongeze RAM kwenye mashine moja ifike gigabaiti 64, iwe ya kazi hiyo.

Mimi ningeanza na HISAT2 wiki hiihii, kwa sababu haigharimu kitu. Mkinunua RAM baadaye, kumbukeni kigezo cha genomeLoad: kikiwekwa LoadAndKeep, kazi mbili zinazokwenda pamoja hutumia faharasa moja iliyokwisha kupakiwa, badala ya kila moja kupakia gigabaiti 30 zake. Na msisahau diski. Kuna mafaili ya kusoma, kuna matokeo ambayo hayajapangwa, kuna yaliyopangwa, na katikati kuna mafaili ya muda ambayo hakuna anayeyahesabu mpaka diski ijae usiku wa manane.

Bosi amekubali ninunue kadi ya michoro, ile kali ya michezo, ili R, programu yangu ya takwimu, iende kasi. Nichukue ipi?
*Kijana wa makundi*

Usichukue yoyote. R ya kawaida haiigusi kabisa kadi ya michoro. Itakaa humo ndani ikizungusha feni.

Kadi hizo zina kazi yake, tena kubwa: mafunzo ya mitandao ya neva, mwendo wa molekuli kwenye GROMACS, picha za protini kwenye RELION. Lakini hizo ni programu zilizoandikwa mahsusi kwa ajili yake, na nyingi zinategemea CUDA, mfumo wa kuendeshea hesabu kwenye kadi, ambao ni wa kadi za NVIDIA peke yake. Kisha kuna jambo ambalo tangazo halisemi. Takwimu zako R inazikokotoa kwa namba za baiti 8, na kadi nyingi za michezo hukokotoa namba hizo kwa 1/32 au 1/64 ya kasi yake ya baiti 4. Kasi uliyoisoma kwenye boksi ni ya baiti 4.

Jina lako la barua linanifanya nihisi unapanga data katika makundi kwa kutumia jedwali la umbali kati ya kila mbili. Kama ni hivyo, nakuonyesha kinachokusumbua. Sampuli 10,000 zinazaa jedwali la namba milioni 100, sawa na megabaiti 800. Sampuli 100,000 zinazaa namba bilioni 10, sawa na gigabaiti 80. Data imeongezeka mara kumi, hitaji la RAM mara mia. Hata ukihifadhi nusu ya jedwali, kama R inavyofanya, ni gigabaiti 40. Kwa kazi hiyo mwombe bosi ahamishie fungu kwenye RAM, au tumia njia isiyohitaji jedwali lote, kama k-means.

Kwa ufupi

*RAM ya ECC ni ya lazima?* Kwa kazi ya jioni moja, hapana. Kwa mashine inayokokotoa wiki nzima bila kuzimwa, naitaka, kwa sababu inasahihisha biti iliyogeuka yenyewe. Hakikisha prosesa na bodi vyote vinaikubali.

*Kijiti kimoja cha 32 au viwili vya 16?* Viwili. Prosesa itasoma kwa njia mbili sambamba. Isipokuwa kama unapanga kuongeza baadaye na nafasi ziko mbili tu.

*Laptopu inaanza kwa kasi, baada ya dakika kumi inazubaa.* Joto. Prosesa inajipunguzia kasi isiungue. Safisha feni, iinue juu ya meza hewa ipite, na kazi ya usiku kucha ipeleke kwenye kompyuta ya mezani.

*Ninunue kompyuta gani ya sayansi?* Ndugu uliyeandika mstari huo mmoja bila neno jingine, sina cha kukujibu bado. Nitumie jina la programu, ukubwa wa data, na kilele cha RAM ulichokipima. Kukipima ni hivi: chukua sehemu ya kumi ya data, endesha kazi, na kwenye Linux tanguliza /usr/bin/time -v mbele ya amri yako. Mwishoni itakuandikia kiasi kikubwa kabisa cha RAM kilichotumika. Rudia kwa sehemu mbili za kumi. Kilele kikiongezeka mara mbili, data nzima itataka takriban mara kumi ya kipimo cha kwanza. Kikiongezeka mara nne, itataka mara mia, na hapo tutazungumzia njia kwanza, kompyuta baadaye.